UZI: Bia za Uingereza kwa anayezipenda kweli. Anzia kwenye pipa, makopo yatafuata

KataNdefu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdau kwenye uzi wa waliohamia Uingereza aliandika kwamba bia za huku ni "maji ya vuguvugu", kwamba alijaribu mara moja akarudi kwenye laga yake, ile bia nyepesi ya baridi tuliyoizoea nyumbani. Nikaahidi kufungua uzi, na leo natimiza. Niko Sheffield mwaka wa nane huu. Jumamosi zangu nyingi zimepita kwenye pabu na viwanda vidogo vya bia, na daftari mfukoni. Siuzi pombe wala sina hisa popote. Napenda bia, na napenda kujua imepikwaje. Msiokunywa karibuni pia, humu kuna historia na ufundi wa kutosha.

Nyumbani mhudumu anakuuliza: ya baridi au ya moto? Huku swali linalobeba kila kitu ni jingine: ya pipa au ya kegi?

Bia ya kegi mnaijua wote. Imetoka kiwandani ikiwa tayari, inasukumwa na gesi, inafika kwenye glasi ikiwa baridi na mapovu mengi. Bia ya pipa imetoka kiwandani haijamaliza kuchacha. Hamira iko hai mle ndani na inamalizia kazi kwenye chumba cha chini cha pabu. Haisukumwi na gesi ya mtungi. Inavutwa kwa mkono, kwa ile pampu yenye mpini mrefu mliyoiona imesimama kaunta. Inanywewa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi, yaani ubaridi wa pango, siyo wa friji. Na pipa likishatobolewa lina siku tatu hivi za kuwa tamu kabla hewa haijaliharibu.

Mimi ni mtoto wa Kibosho, Kilimanjaro, kwa hiyo niliposikia maelezo haya mara ya kwanza niliona nipo nyumbani. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ndivyo ilivyo. Kimea cha ulezi kinatiwa, inaendelea kuchacha, leo iko hivi kesho iko vile, na keshokutwa inafaa kumwagwa. Hata uchungu upo: bibi zetu walitumia gome la msesewa, Waingereza wanatumia maua ya hopsi. Hakuna mtu anayeweka mbege kwenye friji akategemea ladha ibaki. Sasa mtu aliyelelewa kwenye kata ya mbege, kile kibuyu cha kunywea, anashindwaje kuielewa bia ya pipa? Anashindwa kwa sababu hakuna aliyemwambia ni kitu cha jamii ile. Aliagiza akitegemea laga, akapata kitu kingine.

Naendelea chini, msiniwekee maswali mengi kwanza.

KataNdefu (mleta uzi)

Mwaka juzi mtunza pipa wa pabu moja ya hapa aliniruhusu kushuka naye chini. Nieleze nilichokiona, maana ndipo nilipoanza kuzipenda hizi bia kwa dhati.

Pipa la kawaida ni la lita 41 hivi, painti 72. Linalazwa kwa tumbo juu ya kitanda cha mbao na halisogezwi tena. Juu ya tumbo kuna kizibo. Alichukua kijiti cha mti laini unaopitisha hewa, akakigongea katikati ya kizibo kwa nyundo. Gesi ikapiga mluzi, povu la rangi ya maziwa ya chai likapanda kupitia kile kijiti na kufanya kichuguu kidogo. Akakifuta kwa kitambaa, akasimama kuangalia. Kikarudi haraka. Akaniambia, "Bado ina hasira." Kila baada ya saa kadhaa anashuka, anafuta, anaangalia povu linachukua muda gani kurudi. Likianza kuchelewa, anatoa kijiti laini na kuweka kigumu kisichopitisha hewa, ili gesi iliyobaki isipotee. Akiwahi, bia inakuwa na povu la fujo. Akichelewa, inapoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Hana mashine ya kumwambia. Ana jicho na kitambaa.

Halafu kuna kuifanya iwe angavu. Hamira inazamishwa kwa ute unaotengenezwa kwa mabondo ya samaki. Ndiyo, mabondo, watu wa Mwanza mnayajua kwa sangara. Ute ule unazishika chembe za hamira na kuzilaza chini ya pipa, ndiyo maana pipa halisogezwi. Siku hizi viwanda vingi vinaiacha bia na ukungu wake bila ute huo. Kwa asiyekula samaki, ulizeni kabla ya kuagiza, mara nyingi kibao cha kwenye pampu kinaeleza.

Nilipopanda juu na kunywa painti ya pipa la jirani lililokuwa tayari, nilijua nalipia kazi ya watu wawili: aliyeipika na huyu aliyeilea.

Mama_Wawili

Kaka KataNdefu, endelea. Mimi niko Reading, mume wangu ndiye mpenzi wa hizi bia, nimekuwa nikimsindikiza nakunywa juisi. Hili la mabondo nimemsomea kwa sauti, hakuwa analijua! Swali: kwa anayeanza aagize nini? Pale kaunta naona majina kumi sielewi hata moja.

KataNdefu (mleta uzi)

Dada, asante. Usianze na painti nzima. Huku kuna nusu painti, na sehemu nyingi za bia za krafti, yaani za wapikaji wadogo wa kisasa, wana theluthi. Painti ni mililita 568, ukikosea ni nyingi. Tena ukiomba kuonja kidogo kabla ya kununua, pabu inayojali bia yake itakumiminia kidole kimoja bila malipo. Hakuna aibu, wenyewe wanafanya hivyo kila siku.

Mpangilio ninaowapa wageni wangu: anza na bita, ile ya rangi ya shaba. Jina linatisha lakini uchungu wake ni wa kistaarabu, na nguvu ni asilimia 3.5 hadi 4.5, haizidi Kilimanjaro. Landlord ya Timothy Taylor kutoka Keighley, Yorkshire, ni mwalimu mzuri, imeshashinda taji la bia bora ya Uingereza mara nne. Kusini muulize mumeo akutafutie Sussex Best ya Harvey's, inapikwa mji wa Lewes. Halafu shuka kwenye maildi, nyeusi na nyepesi, ladha ya mkate uliokolea moto. Halafu pota, ambayo ni ya London tangu karne ya 18 na ndiyo mama wa stauti zote, hata ile Guinness tunayokunywa Dar. IPA, ile yenye hopsi nyingi na uchungu zaidi, iwe ya mwisho. Wageni wengi wanaanza na IPA kali ya kopo, ulimi unapigwa ganzi na hopsi, na baada ya hapo bita inaonekana maji.

Kibao kilichopo kwenye mpini wa pampu kinakupa jina, kiwanda na asilimia. Kikigeuzwa mgongo, pipa limeisha au halijawa tayari.

Nyuki wa Tabora

Mkuu mimi nipo London mwaka wa tatu, hizo "ya pipa" nimeziona kwenye pabu za wazee. Vijana wote wapo kwenye makopo yenye michoro na bia zenye ukungu kama juisi ya embe. Hiyo ndiyo krafti. Unatuletea historia ya babu zao.

KataNdefu (mleta uzi)

Hapana mkuu, hapa nakupinga kwa nguvu. Ni ukoo mmoja, na bila wazee wale kopo lako lisingekuwepo.

Miaka ya 60 viwanda vikubwa vya huku viliamua kwamba bia ya pipa ni usumbufu. Inataka mtunzaji, inaharibika, haisafiri vizuri. Wakaibadilisha kwa kegi iliyochujwa na kuchemshwa, ladha moja nchi nzima. Mwaka 1971 vijana wanne Waingereza wakiwa likizoni Ireland walianzisha chama cha kutetea bia hai, ndicho CAMRA. Kilikua haraka, kikachapisha mwongozo wa pabu, kikaanzisha tamasha kubwa la bia, kikawabana wenye viwanda. Wakati ule hakuna aliyetumia neno krafti, lakini kazi ilikuwa ileile: mnywaji anakataa kuchaguliwa ladha na mhasibu.

Mwaka 2002 serikali ikapunguza kodi kwa wapikaji wadogo, nusu ya kodi kwa anayepika chini ya lita laki tano kwa mwaka. Hapo ndipo mtu mwenye karakana na akiba yake akaweza kufungua kiwanda. Mwaka 2005 Thornbridge wakaanza kwenye jumba la kale huku Derbyshire, wakatoa Jaipur, IPA ya asilimia 5.9 yenye hopsi za Kimarekani, na wakaiweka kwenye pipa! Mmoja wa wapishi wake vijana, Martin Dickie, akaenda Fraserburgh kule Scotland na mwaka 2007 akaanzisha BrewDog na James Watt. Umeona mnyororo ulivyo? Kopo lako na pipa langu vimelala nyumba moja.

Na kwa kuwa uko London, nenda Bermondsey. Chini ya matao ya reli kuna msururu wa viwanda na baa zao, treni zinapita juu ya kichwa chako, glasi inatetemeka mezani. Aliyefungua njia ni Evin O'Riordain, Mwairishi aliyekuwa muuza jibini. Alikwenda New York kwa kazi ya jibini, akakuta watu wanaizungumzia bia kwa makini kama yeye anavyozungumzia jibini, akarudi na mwaka 2009 akaanzisha The Kernel. Chupa zake zina lebo ya kahawia isiyo na mchoro wowote, jina na asilimia tu. Tafuta stauti yake iliyopikwa kwa kufuata mapishi ya London ya mwaka 1890. Utanywa nyeusi tupu, nzito, ladha ya kahawa na moshi wa mbali, halafu urudi hapa uniambie kama babu zao walikuwa hawajui kazi.

Nyuki wa Tabora

Nimekuelewa mkuu. Bermondsey nilikuwa napita na treni tu. Nitashuka.

Otieno-wa-Leeds

Salamu kutoka Leeds, mimi ni Mkenya. Nimesoma hii uzi yote. Mimi niliwahi kuagiza hiyo ya pipa, ikawa chachu kama siki, nikaiacha mezani. Tangu siku hiyo sikurudia. Kumbe ilikuwa imeharibika ama ndiyo ladha yake?

KataNdefu (mleta uzi)

Ndugu yangu, hiyo ilikuwa imeharibika, na pole sana. Yamenikuta pia. Mwaka wangu wa kwanza, pabu moja iliniuzia bita yenye harufu ya siki, nikainywa yote kwa adabu za ugenini, nikafikiri ndivyo Waingereza wanavyopenda. Tumbo lilinisumbua usiku kucha. Baadaye mzee mmoja alinifundisha: rudisha kaunta, sema kwa upole kwamba unadhani pipa limefika mwisho. Mhudumu anayejua kazi ataionja au ataiangalia kwenye mwanga, atakubadilishia bila neno. Nimefanya hivyo mara nyingi na sijawahi kugombezwa. Bia hai inaweza kufa, hilo ndilo deni lake. Kwa hiyo chagua pabu kabla ya kuchagua bia. Ukiona pampu kumi na wateja watatu, ondoka, mapipa hayaishi kwa wakati. Pampu tatu na watu wamejaa, kaa hapo.

Tena wewe uko Yorkshire, una bahati. Kaskazini wanafunga kifuniko chenye vitundu vidogo kwenye mdomo wa pampu, bia inatoka na povu nene kama krimu. Kusini hawakitaki kabisa, na ukitaka kuanzisha ugomvi kwenye pabu yoyote ya Uingereza uliza hicho kifuniko ni kizuri au kibaya. Mimi niko upande wa Kaskazini. Hapo mjini nenda Whitelock's, iko kwenye kichochoro cha Briggate tangu 1715.

Kijana wa Bandari

Bei je? Naskia hizo krafti zinaua mfuko.

KataNdefu (mleta uzi)

Wiki iliyopita nimelipa pauni 4.20 kwa painti ya pipa hapa Sheffield. London nimeshalipa 6 na ushee kwa bia ya namna hiyohiyo, na kopo la IPA ya ukungu kwenye baa ya krafti linaweza kupita hapo. Ya pipa karibu kila mara ndiyo nafuu kwenye kaunta, na ndiyo iliyochukua kazi zaidi. Hili linaniuma, maana pabu na viwanda vidogo vinafungwa kila mwaka na wapikaji wanasema wazi kwamba pipa haliwaachii kitu. Tangu Agosti 2023 kodi inafuata nguvu ya kilevi, na bia inayotolewa kwenye mapipa ya baa inapata punguzo. Imesaidia kidogo.

Usiendeshe gari, nenda na treni. Kwa Sheffield huna haja hata ya kutoka mbali: Sheffield Tap iko ndani ya stesheni, kwenye ukumbi wa zamani wa abiria wa daraja la kwanza, vigae ukutani na kaunta ndefu ya mbao. Ukitembea kidogo unafika Kelham Island, mtaa wa viwanda vya chuma vya zamani. Pale kuna Fat Cat, na Kelham Island Tavern iliyochukua taji la pabu bora ya taifa mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Bia ya kuulizia ni Pale Rider. Ilikuwa bia bora ya Uingereza 2004, na kiwanda chake kilipotangaza kufunga 2022, kundi la watu wakiwemo wa Thornbridge walikiokoa.

Mzee wa Shayiri

Mleta uzi heshima kwako. Mimi nilifanya kazi kiwanda cha bia nyumbani kwa miaka mingi, sasa niko huku kwa mwanangu. Jambo moja hujaligusa: nani anamiliki nini. Wengi wanadhani wanakunywa krafti kumbe wanakunywa kampuni kubwa.

KataNdefu (mleta uzi)

Shikamoo mzee, na asante kwa kunikumbusha.

Ni kweli. Camden Town ya London iliuzwa Desemba 2015 kwa AB InBev, kampuni kubwa ya bia ya kimataifa. Hao ndio wenye hisa nyingi za TBL, kampuni ya bia ya Tanzania, kwa hiyo bia ya Camden Hells ya London na bia ya Safari ya Dar zinapeleka faida mlango mmoja. Meantime ya Greenwich ilinunuliwa na SABMiller mwaka huohuo, ikaishia kwa Asahi wa Japani. Asahi haohao walinunua bia za Fuller's mwaka 2019 kwa pauni milioni 250. Beavertown, wale wenye mafuvu ya kuchorwa kwenye kopo, wako chini ya Heineken moja kwa moja tangu 2022.

Mimi simnyimi mtu glasi yake. London Pride ya Fuller's bado nainywa na bado ni nzuri. Lakini nikiwa na pauni tano na chaguo la pampu mbili, inakwenda kwa yule mpikaji ambaye nikimkuta kiwandani kwake ana viatu vya mpira na mikono imepauka kwa maji ya moto.

Na siyo kila habari ya wakubwa ni mbaya mwisho wake. Mzee, hii utaipenda. Burton upon Trent, mji wenye maji ya jasi yaliyoifanya IPA iwe kavu na kali, walikuwa na mtambo wa kuchachushia unaoitwa union. Mapipa ya mbao yamepangwa safu, kila moja lina bomba lililopinda kama shingo ya bata juu yake. Bia inapochacha, povu la hamira linapanda kwenye mabomba na kumwagikia kwenye hori refu. Hamira inabaki kwenye hori, bia inateremka kurudi kwenye mapipa. Siku nzima inazunguka hivyo, yenyewe, bila pampu. Marston's ndio waliokuwa wamebaki nao. Januari 2024 kampuni ikatangaza kuuachisha kazi. Tuliopenda bia tulikuwa kama tumefiwa. Garrett Oliver wa Brooklyn Brewery, Mmarekani, akaanza kupiga simu. Ikaishia Carlsberg Marston's kuwapa Thornbridge seti moja, ikabebwa hadi Bakewell, na mwaka uleule ikaanza kuchachusha Jaipur.

Nilisimama mbele yake. Unasikia tone, tone, tone kwenye hori, na harufu ya ndizi mbivu na mkate. Nilimkumbuka bibi yangu na mtungi wake, nikanyamaza muda mrefu.

Mzee wa Shayiri

Marahaba mwanangu. Mtambo huo niliusoma kwenye kozi miaka ya 80, picha nyeusi na nyeupe. Sikujua bado upo. Nitamwambia mwanangu anipeleke.

Otieno-wa-Leeds

Nimerudi kuripoti. Nimeenda Whitelock's leo baada ya kazi. Nikaomba kuonja kwanza kama ulivyosema, mama wa kaunta akanipa tatu! Nikachukua nusu ya bita. Povu zito kweli, inashuka laini, kwanza utamu kama biskuti halafu uchungu unakuja nyuma polepole. Si baridi sana lakini si moto. Nimeongeza nusu nyingine. Glasi imebaki na mistari ya povu ndani, moja chini ya nyingine, ni kawaida hiyo?

KataNdefu (mleta uzi)

Ni kawaida, na ni dalili njema. Glasi ilikuwa safi na bia ilikuwa na afya, kila funda linaacha mstari wake. Zihesabu utajua ulikunywa kwa mafunda mangapi.

Mzee wa Shayiri, Jumamosi ijayo nashuka Bakewell. Kama mwanao ana nafasi niandikie PM, treni inaishia Matlock, tunamalizia na basi.